Kaa Nipime Mwanga

Picha zilikuwa kumi na moja, zimebanwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na zote zilikuwa za mwanamke mmoja.

Odilia alizihesabu mara mbili, maana mara ya kwanza hakuyaamini macho yake. Alikuwa amemletea Nickson chakula cha mchana, wali na maharage kwenye hotipoti, kama alivyofanya kila Jumanne tangu wachumbiane. Alipokuta mlango wa chumba cha giza uko wazi, akaingia kuweka chakula mezani. Chumba hicho kilikuwa nyuma ya studio, karibu na stesheni ya reli pale Kilosa, na humo ndimo Nickson alimosafishia picha zake za nyeusi na nyeupe kwa dawa, kama marehemu mjomba wake alivyomfundisha. Vijana wenzake walimcheka. Simu zipo, nani anahangaika na filamu siku hizi? Yeye alihangaika.

Mwanamke wa kwenye picha alikuwa Mmasai, kichwa amenyoa, shingo ndefu. Mwanga ulimjia upande mmoja tu, ukamgusa shavu, mdomo na nusu ya paji la uso, kwingine kote giza. Macho yake hayakuitazama kamera. Yalitazama juu kidogo ya bega la mpigaji, na jamani, yalitazama kwa mapenzi. Mtu haelekezwi kutazama hivyo. Hutazama hivyo anapompenda aliye mbele yake.

Na rangi hazikuwapo! Zingekuwapo, Odilia angejifariji. Angesema ni shanga, ni shuka nyekundu ya lubega, mwanamke gani hapendezi akivikwa vile? Lakini Nickson alikuwa ameondoa rangi zote, na mwanamke alikuwa mzuri vilevile. Hapo ndipo Odilia alipochomwa moyoni.

Aligeuka, akakiona kile kigoda.

Kilikuwa pale pale kilipokuwa siku zote, chini ya dirisha la mashariki ambalo Nickson aliliziba kwa kitenge kikuukuu akabakiza upenyo wa viganja viwili. Kwa miaka miwili, kila alipofika mteja wa picha ya maana, Nickson alimwita: "Odi, njoo kaa nipime mwanga." Naye hukaa. Nickson humsogezea kipima mwanga karibu na shavu, husoma namba, huiandika kwenye kidaftari chake, kisha humwambia, "Asante, inuka." Odilia huinuka, mteja hukaa, picha hupigwa. Kilosa nzima hakuna mtu aliyekikalia kigoda kile kama yeye, na picha hakuwa nayo hata moja. Hata ya simu. Alipomwambia, "Nami nipige basi," Nickson alicheka na kujibu, "Siku yako inakuja." Siku gani hiyo isiyofika?

"Umeziona?" Nickson alisema nyuma yake. Alikuwa ametoka kupiga picha za pasipoti, na uso wake ulijaa furaha. Maskini, hakujua amesimama wapi.

"Nimeziona. Ni nani?"

"Anaitwa Nailantei. Anauza shanga Mikumi, kule barabara kuu. Si nilikwambia kuna hoteli imetaka picha za ukutani? Ndizo hizi."

"Hoteli ilitaka picha za watu. Hapa naona mtu."

Nickson alicheka, akidhani ni utani. "Tazama hii ya nne, Odi. Unaona kivuli kilivyoshuka puani? Ukiondoa rangi, kinabaki kile alichonacho mtu mwenyewe. Wengine hawabaki na kitu. Huyu, aisee, mwanga umemkubali."

"Mwanga umemkubali," Odilia alirudia polepole.

"Sana."

"Na mimi umenikataa."

"Ah, Odi! Yameanza hayo?"

"Hayajaanza leo. Miaka miwili unanikalisha pale kama mkungu wa ndizi kwenye mzani. Unanipima, unaniinua. Huyu umemfahamu lini, mwezi? Kumi na moja!"

"Ni kazi, mpenzi wangu."

"Anamtazama nani hapo? Aniambie mtu. Anamtazama nani kwa macho hayo?"

Nickson alifungua mdomo ajibu, simu ikaita. Ilikuwa stendi: basi la Dar es Salaam limefika na mzigo wake wa karatasi, na kondakta hasubiri mtu. Alichukua funguo za pikipiki. "Nikirudi nitakueleza. Kuna filamu nyingine imo kwenye kamera, nimeimaliza juzi. Kesho naisafisha. Hiyo ndiyo yenyewe, Odi. Ukiiona utaelewa yote." Akatoka.

Hiyo ndiyo yenyewe! Basi kumi na moja zilikuwa vitafunio tu, pilau lenyewe limo ndani ya kamera.

Kamera ilikuwa mezani. Odilia aliitazama, akajiambia atoke aende nyumbani. Jumamosi wazee wa Nickson walikuwa wanakuja kwa mama yake kutoa mahari. Mama yake, Mama Katarina, alikuwa amempinga Nickson mwaka mzima. Alitaka mkwe mwenye ajira, hata karani wa mashamba ya miwa kule Ruaha, si mtu wa kushinda gizani na madawa. Odilia alilia, akagoma kula, akatafuta mpaka katekista akaseme naye. Leo amekubaliwa, ndipo anaoneshwa mwanamke mwingine kwenye kamba ya kuanikia!

Hakutoka. Aliichukua kamera, akaenda nayo mpaka mlango wa uani, jua la saa saba likiwa utosini. Alijua kila kitu; ni yeye aliyekuwa akilinda mlango asije mtu akaingiza mwanga. Alifungua mgongo wa kamera. Akaivuta filamu yote nje, akaitandaza mikononi juani, akaisalia Salamu Maria nzima, Mungu amsamehe. Kisha akazungusha kile kishikio kidogo mpaka filamu yote ikarudi ndani ya kopo lake, akafunga, akairudisha kamera mezani kando ya hotipoti. Hasira hasara, walisema wahenga, lakini saa ile hasara ilikuwa tamu.

Kesho yake jioni Nickson alimpigia simu, sauti imekauka. "Odi, njoo."

Alimkuta ameketi kwenye kile kigoda, ameshika ule utepe mrefu. Ulikuwa mweusi tii toka mwanzo hadi mwisho.

"Kamera inavuja mwanga," Nickson alisema. "Ni mimi. Mjomba alishaniambia nibadilishe ule mpira wa mgongoni, nikapuuza. Hakuna hata moja iliyopona, Odi. Hata moja."

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Alikaribia kusema, nakwambia. Lakini aliona macho ya Nickson yamejaa machozi, machozi ya kweli, ya mwanamume mzima, na wivu ukampanda upya. Mwanamke gani huyu analiliwa namna hii?

"Kesho naenda Mikumi kumwambia mwenyewe," Nickson alisema. "Siwezi kumwambia kwa simu."

"Tutakwenda wote."

"Kufanya nini?"

"Nimwone huyo aliyekubaliwa na mwanga."

Walifika Mikumi Alhamisi kabla ya saa sita. Boma la kina Nailantei lilikuwa nje ya mji, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Njia nzima Odilia alitembea akijipanga: nikifika nitamtazama hivi, nitamjibu vile, nitajishika kiuno.

Nailantei alitoka kuwapokea, na mipango yote ikayeyuka. Alikuwa mzuri kuliko picha. Alimshika Odilia mikono yote miwili, akamtazama usoni muda mrefu bila haya, kisha akacheka.

"Ni wewe? Wewe ndiye yule asiyepigwa picha?"

Odilia alihisi uso unawaka. Kumbe habari zake zimefika mpaka huku! Wamekaa wakamsimulia, wakamcheka.

"Ndiye mimi," alijibu kwa ukali. "Wengine ndio tunapimiwa mwanga tu."

Baba yake Nailantei, Mzee Ngoitiko, alikuwa ameketi kwenye kivuli cha zizi. Wote wawili wakamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Marahaba, wanangu. Karibuni maziwa." Akamtazama Nickson. "Kijana, umeleta sura ya mama yangu?"

Nickson alipiga goti moja chini. "Mzee, nimekuja kuomba msamaha. Ile filamu ya bibi imeharibika yote. Kamera yangu ilikuwa mbovu, nami nilijua, sikuitengeneza. Ni uzembe wangu."

Mama yangu? Bibi? Odilia alimtazama mzee, akamtazama Nickson, akamtazama Nailantei. Yule dada alikuwa ameachia mikono yake. Alikaa chini pale pale mavumbini.

"Zote?" Nailantei aliuliza.

"Zote, dada yangu."

"Hata ile aliyonishika kichwa?"

"Hata hiyo."

Nailantei hakulia. Alimgeukia Odilia kama anayemweleza mgeni asiyejua. "Bibi amekwenda Lindi, Jumatatu, pamoja na baba mdogo Yoeli na ng'ombe. Malisho yamekwisha huku. Ni mbali, na jicho lake moja limekwisha, la pili linakwisha. Mimi naolewa Rudewa, kwa Sironga. Bibi ndiye aliyenilea, mama yangu simjui. Siku ile alikuja kunibariki. Zile picha zangu za hoteli, bibi alikuwa amekaa nyuma ya huyu bwana, nami nikimwangalia yeye. Halafu huyu bwana akageuza kamera, akampiga yeye, filamu nzima. Nilitaka nimweke ndani ya nyumba yangu, watoto wamjue."

Juu kidogo ya bega la mpigaji. Basi huko ndiko macho yalikokuwa yanakwenda!

"Mimi nilikataa picha," Mzee Ngoitiko alisema, akichezea fimbo yake. "Watu wa kamera nawajua. Wanapiga binti zetu barabarani, wanaondoka nao kwenye simu. Nikamuuliza huyu kijana, wewe una mchumba? Akasema ninaye. Nikamwambia nioneshe picha yake. Akasema sina. Nikacheka: mpiga picha huna picha ya mchumba wako? Akasema mama mkwe alimkataza. Alimwapisha, asimpige binti yake mpaka mahari ifike. Miaka miwili ameshika neno lake. Nikasema, huyu anayelinda uso wa mtu hivyo, mwacheni ampige mama yangu."

Odilia alimgeukia Nickson. "Mama alikuapisha?"

Nickson alikuwa bado amepiga goti. "Siku ya kwanza kabisa nilipokuja kwenu. Kwa sababu ya dada Katarina. Akasema nisikuambie, ungegombana naye."

Dada Katarina. Picha yake moja tu, aliyopigwa na mwanamume aliyemwamini, ilizunguka kwenye simu za Kilosa yote mpaka mchumba akaghairi, na dada akahama mji. Nani nyumbani kwao asingekumbuka?

"Simama, kijana," Mzee Ngoitiko alisema. "Kitu huharibika. Hukukusudia."

"Nisamehe, mzee. Ni uzembe wangu."

Kumsikia anaomba msamaha kwa dhambi isiyo yake, hilo Odilia hakuliweza.

"Si uzembe wake," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akaikaza. "Kamera yake nzima. Ni mimi. Nilifungua mgongo wa kamera nikaitoa filamu juani kwa makusudi. Nilidhani ni picha zako wewe, Nailantei. Nilidhani ni wewe na yeye."

Ng'ombe mmoja zizini alitingisha kengele yake.

Nickson alisimama. Hakupiga kelele, na angepiga kelele ingekuwa afadhali. Alimtazama Odilia muda mrefu, kisha akageuka akaenda kusimama peke yake kwenye lango la boma, mgongo kwao.

"Ulinionea wivu?" Nailantei aliuliza.

"Nilikuonea."

"Mimi?"

"Ulikuwa mzuri mno. Na yeye hajawahi kunipiga hata moja."

Nailantei alipangusa vumbi mikononi. "Mimi ndiye niliyekuonea wewe. Uso wangu unakwenda hotelini, kila mlevi ataukodolea. Wako mtu ameufungia miaka miwili. Nilimwambia Sironga, mwanamke huyo ana bahati." Akainuka. "Sikujua kama hujui."

Angemtukana, Odilia angelia kidogo. Hakutukanwa, akalia sana.

Walirudi Kilosa jioni ile. Walipofika, Nickson alimsindikiza Odilia hadi mlangoni kwao kama desturi, akamwambia, "Msalimie mama," akaenda zake.

Ijumaa Odilia alimkuta mama yake uani anachambua mchele wa wageni.

"Mama, ulimwapisha Nickson asinipige picha?"

Mama Katarina hakuinua uso. "Nilimwapisha. Nilijua hataweza hata mwezi, nipate sababu ya kumfukuza." Akapeta ungo mara mbili. "Ameweza. Ndiyo maana nikakubali, si kwa sababu ya katekista wako."

"Acha kuchambua, mama. Kesho hawaji."

"Kwa nini wasije?"

Odilia alimweleza yote, hakuficha hata ile Salamu Maria. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, akaushusha ungo. "Wivu wa baba yako huo," alisema. "Mchele utachambuliwa. Wasipokuja tutaula wenyewe."

Usiku ule Odilia hakulala, na asubuhi aliamka akaoga akavaa vizuri, maana kutovaa kungekuwa kukiri. Saa nne waliyopanga haikuleta mtu. Saa nne na nusu, kimya. Mama Katarina alitoka akachungulia barabarani, akarudi akajifanya alikuwa anafukuza kuku. Saa tano kasorobo ikasikika hodi.

Walikuja wote: baba mkubwa, mshenga na shangazi wawili wenye vigelegele vilivyojaa mdomoni. Odilia, ndani chumbani, alikaa kitandani akatega sikio. Maneno yalisemwa, majibu yakatolewa, mahari ikapokelewa. Vigelegele vilipolipuka alifunika uso kwa kanga.

Alasiri, wazee wameshiba, Nickson mwenyewe aliitwa. Aliingia uani na kamera begani, akamwamkia mama mkwe. Odilia alikuwa amesimama penye mlango wa jiko, hajui aangalie wapi.

"Marahaba, baba," Mama Katarina alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita baba. "Neno lako umelitimiza, nami nakufungulia. Haya, mpige binti yangu."

Shangazi wakapiga vigelegele tena. Nickson alimsogelea Odilia mpaka wakasikilizana peke yao.

"Nilijua hutakuja," Odilia alisema.

"Kwa nini nisije? Nimekukasirikia, sijakuacha. Hayo ni mambo mawili." Hakutabasamu. "Nimekukasirikia sana, Odi."

"Najua."

"Bado."

"Najua, Nickson."

Akamtazama. Kisha akainua kamera, akarudi nyuma hatua mbili, akamtafuta kwenye kioo. Jua la saa kumi lilikuwa linapita chini ya paa la jiko, likamgusa Odilia shavu la kushoto tu. Hakuhitaji kuambiwa. Kwa miaka miwili ya kigoda alikuwa ameujua mwanga mzuri kwa ngozi yake, na mwanga mzuri ulikuwa huu. Hii ndiyo siku aliyoililia. Angesimama tu, angenyamaza tu, angekuwa nayo.

Alinyoosha mkono, akaifunika kamera kwa kiganja.

"Ndani kuna filamu mpya?"

"Mpya. Ya kwako."

"Isiwe yangu. Ya kwanza ni ya bibi yake Nailantei. Tutakwenda Lindi, mimi nitaketi mbele ya yule bibi nimweleze nilichofanya, wewe utampiga akingali anaona. Tutampelekea Nailantei Rudewa. Halafu ndiyo unipige mimi."

"Lindi ni mbali, Odi."

"Nimekaa miaka miwili. Nitashindwa wiki mbili?"

Nickson alishusha kamera. Alibaki amemtazama, na Odilia akayaona macho yale, macho aliyokuwa ameyaonea wivu kwenye kamba siku nne zilizopita. Safari hii hayakutazama juu ya bega la mtu.

"Ehe, vipi?" shangazi mmoja alipaza sauti. "Picha hiyo haipigwi?"

"Haipigwi leo, shangazi," Nickson alijibu. Alitia mkono mfukoni, akatoa kipima mwanga na kile kidaftari chake kilichochakaa pembe. Kwa mguu akavuta kigoda cha jikoni, akakiweka pale pale jua lilipoangukia.

"Basi kaa," alimwambia, "nipime mwanga."

Odilia akakaa.